Diski ya Nembo na Mkoba wa Wifi

Jumatatu asubuhi kompyuta ilimwambia Mama Nembo kwamba diski yake ni tupu, kisha ikamuuliza, kwa adabu zote, kama angependa iandaliwe upya ili aanze kuitumia. Ilisema hivyo bila aibu, kama mwalimu wa zamu anayemwambia mwanafunzi aliyelala bwenini miaka minne kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Mama Nembo akachomoa waya, akaifuta ncha yake kwa upindo wa blauzi, akauchomeka tena. Kompyuta ikarudia swali lile lile. Akaipiga kofi la ubavuni. Ikarudia.

Diski yenyewe ilikuwa ya kubebeka, nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha nusu, na riziki ya nyumba nzima ilikuwa ndani yake. Mama Nembo alikuwa mdarizi. Sebuleni, mahali palipokuwa na kochi kubwa, palikaa mashine ya kudarizi yenye sindano sita, na mashine hiyo ilikuwa na nguvu nyingi na akili kidogo: haikujua kitu mpaka ichorewe. Kila nembo ya sweta la shule, kila jina la koti la muuguzi, ilibidi mwenyewe aichore kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, sindano iingie wapi, itokee wapi, uzi ukatwe wapi. Nembo moja yenye mnyama ilikula wiki nzima ya macho yake. Zote alizihifadhi kwenye diski ile, mahali pamoja tu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa kuukuu na hakuiamini. Diski aliiamini.

Na Ijumaa ilikuwa siku ya tai. Mhasibu wa shule moja kubwa alikuwa amemwahidi kazi ya masweta ya shule nzima, kwa sharti kwamba Ijumaa aone sampuli moja: tai aliyekunjua mabawa, amesimama juu ya kitabu. Mhasibu huyo alikagua nembo akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na hakuwahi kuahirisha kitu isipokuwa malipo. Tai alikuwa tayari, manyoya yote mpaka kucha. Alikuwa ndani ya diski. Mume wa Mama Nembo alikuwa karani wa bohari, bohari lilikuwa limepunguza zamu, na tangu hapo sufuria la nyumba hiyo lilichemshwa na sindano. Tai asipotokea Ijumaa, masweta yangekwenda kwa mdarizi mwingine, na mashine ya sindano sita ingebaki kuwa meza ghali ya kuwekea vikombe.

Mama Nembo akakaa, akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja. Jumapili yeye alishinda nje akigawa makoti ya wauguzi. Watoto wake walikuwa shule ya bweni, jambo lililokuwa bahati kubwa kwao, maana wangekuwa nyumbani kesi ingefungwa kabla ya chai. Walibaki watatu. Wa kwanza ni mumewe, aliyeitwa Refa mtaa mzima kwa kuwa alitoa hukumu ya kila mechi akiwa amejilaza. Wa pili ni mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi, aliyekaa mbele ya televisheni kutoka taarifa ya asubuhi mpaka taarifa ya jioni na ambaye hakuna aliyemhesabu, kama saa ya ukutani isivyohesabiwa miongoni mwa wageni. Wa tatu ni wifi.

Wifi, dada yake Refa, alikuwa na duka lake la ushonaji mtaa wa pili, na mashine yenye sindano moja iliyojua kudarizi herufi tu. Mbele ya picha ilikwama kama mtoto mbele ya hesabu ya sehemu. Jumapili alikuja kumwona mama yake, akakaa kwenye kiti cha kompyuta, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Na ndiye aliyewahi kusema, akicheka, kwamba siku moja atamwibia wifi yake hao ndege wote wa kwenye nembo. Utani ule Mama Nembo sasa aliutoa kumbukumbuni, akaukung'uta, akauona hauna kicheko hata kidogo.

* * *

Jioni ile Refa alitoa maoni matatu kwa mpigo. Kwanza alisema ni umeme. Baadaye akasema diski nazo hufa kama binadamu, bila kuaga. Mwishowe akashauri inunuliwe nyingine na maisha yaendelee, maana mafundi wa kompyuta ni wezi, wanafungua kitu chako, wanatoa kizima, wanakurudishia kibovu. Kisha akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Mama Nembo akamtazama mgongo. Tangu waoane Refa alikuwa ameosha vyombo mara chache sana, na kila mara palikuwa na sababu, na sababu hiyo ilijulikana baadaye. Akaona mara moja kinachoendelea: anamficha dada yake. Damu ni damu, akajiambia, na sasa damu inasugua sufuria.

Bibi alipoulizwa alijibu kwamba hajagusa kompyuta tangu ilipoingia ndani ya nyumba, na kwamba hata vumbi lake huwa analipita mbali. Hayo yalikuwa kweli tupu. Kisha akaomba aongezewe sauti ya televisheni.

* * *

Jumanne Wifi alikuja kurudisha mkasi wa meno alioazima. Alikuwa na mkoba wake wa kahawia begani, ule wenye zipu inayokwama katikati, na alikuwa na haraka, kwa kuwa dukani alimwacha mteja akisubiri suruali. Mama Nembo aliupokea mkasi, akamkaribisha, akamwambia habari za diski, na wakati wote huo macho yake hayakutoka kwenye mkoba.

"Pole, wifi," Wifi alisema. "Na tai wa watu je?"

Swali hilo ndilo lililoharibu mambo. Mama Nembo hakukumbuka kumwambia habari za tai. Alikuwa amemwambia, tena kwa majivuno, wiki mbili nyuma, lakini mtu aliyekwisha kukata shauri hana nafasi ya kumbukumbu za namna hiyo.

"Wifi, usinielewe vibaya. Naomba nione ndani ya mkoba wako."

Mtu wa kwenye televisheni aliendelea kueleza namna ya kuondoa madoa. Wifi alifikiri ni mzaha, akasubiri mwisho wake. Mwisho haukuja. Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameketi pale pale, amevaa soksi, siku yake ya kutokuwa na zamu.

"Kaka, umesikia ninachoambiwa?"

Refa alisema yeye hamtetei mtu wala hamshtaki mtu. Alisema hivyo akiitazama rimoti iliyokuwa mkononi mwake, kama iliyomwandikia maneno.

Basi Wifi akaing'ang'ania ile zipu mpaka ikaachia, akaupindua mkoba juu ya meza ya mashine. Wanaojua ukaguzi wa masanduku bwenini wanajua kwamba hakuna mtu anayeonekana mwema sanduku lake likiwa limepinduliwa. Zikaanguka futi ya kupimia, kitana kilichovunjika meno, vidonge vya presha ambavyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba anavinywa, flashi moja nyekundu, na vipande viwili vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi, vilivyokauka pembeni. Mkate ulikuwa wa nyumba hiyo hiyo, wa Jumapili.

"Nilimfungia mimi," Bibi alisema bila kugeuza kichwa. "Mtu asimseme mwanangu kwa mkate."

Hakuna aliyemsema. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Nembo aliichomeka flashi nyekundu kwenye kompyuta, wote wakitazama, na ndani mlikuwa na herufi: A mpaka Z, kubwa na ndogo, na jina la timu ya mpira ya watoto lililoandikwa kwa kukosewa. Hakuna ndege. Wifi akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, vidonge akavitia mwisho. Mkate akauacha mezani.

"Nitarudi siku mtakayoniita," alisema. "Msiponiita, basi kwaherini."

Refa alimfungulia mlango. Alifungua vizuri, taratibu, kama mlinzi wa hoteli. Kisha akarudi kuitazama televisheni, ambayo wakati huo mama yake alikuwa amekwisha kuizima.

* * *

Jumatano Mama Nembo aliipeleka diski kwa fundi. Fundi huyu aliitwa Daktari, kwa sababu alivaa shingoni kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, alichopewa na mteja badala ya malipo, na kila diski iliyofika mezani kwake aliisikiliza kwanza, macho yamefumbwa. Kibanda chake kilikuwa kati ya duka la viatu na kinyozi, kimejaa matumbo ya kompyuta mpaka darini. Aliisikiliza diski ya Mama Nembo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akasema moyo ni mzima. Kilichopotea ni akili.

Alikuwa na sharti moja, na hakulipunguza kwa mtu. Mwenye mali lazima akae pale kazi ikifanyika, kwenye stuli, macho kwenye skrini. Aliwahi kusingiziwa kwamba amevujisha picha za harusi ya mtu, na tangu siku hiyo hakukubali kubaki peke yake na diski ya mtu, kama mwanaume mwenye akili asivyokubali kubaki peke yake na pochi ya mgeni. Sharti hilo lilimfurahisha sana Mama Nembo, kwa kuwa yeye naye hakuwa na nia ya kuondoka. Wakakaa, kila mmoja akimlinda mwenziwe.

Kwanza Daktari aliinakili diski yote, mwanzo mpaka mwisho, kwenye diski nyingine kubwa, hata zile sehemu zilizosemekana tupu. Ya mgonjwa haiguswi, alisema, tunapasua nakala. Kazi hiyo ilikula siku nzima, na wakati mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini, Mama Nembo akauliza hasa kimetokea nini.

"Mama, diski ni bweni. Ndani kuna vyumba, na mlangoni pana orodha: chumba hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale. Kompyuta ni mvivu, haiingii ndani kuhesabu watu. Inasoma orodha tu. Sasa orodha yako imebanduliwa, ikabandikwa nyingine inayosema bweni halina mtu. Wako wamelala humo humo."

"Na wataamkaje?"

"Programu inapita kitanda kwa kitanda, inatafuta alama za pale chumba cha zamani kilipoanzia. Ikizipata, tunaandika orodha upya. Ila kama mgeni amekwisha kulala juu ya kitanda cha mtu, huyo mwenye kitanda ndiyo basi."

Mama Nembo alilifikiria hilo. Kisha akauliza kama orodha inaweza kubanduka yenyewe.

"Haibanduki yenyewe," Daktari alisema. "Mtu aliulizwa, akakubali."

Adhuhuri Refa akatokea na chakula kwenye kibakuli, jambo la pili la ajabu wiki hiyo. Akamwambia mkewe aende akanyooshe miguu, yeye atalinda. Mama Nembo akaenda kununua uzi wa dhahabu wa mdomo wa tai, maana imani yake ilikuwa imeanza kurudi kidogo kidogo. Alipokata kona tu, Refa akasogeza stuli. Akauliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kujua chombo gani kilibandika hiyo orodha mpya. Daktari akasema inawezekana. Refa akatafuna ulimi kidogo, kisha akauliza kama si ubinadamu, endapo kazi itakuwa ngumu, kumwambia mteja kwamba mgonjwa amefariki, ili asiendelee kuumia. Daktari alimtazama tu, kile kipimo kikining'inia kifuani, kama anayejiuliza aanze kukiweka wapi.

* * *

Alhamisi asubuhi programu ilimaliza kupita vitandani. Daktari akageuza skrini ili Mama Nembo aone vizuri, na kabla hajabonyeza kitu akauliza yule bwana wa jana mchana ni nani wake.

"Mume wangu."

"Aa," Daktari alisema. Ilikuwa "aa" fupi, lakini ilikuwa na vyumba vingi ndani.

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa chumba kipya, kipana kama diski nzima, kilichotengenezwa Jumapili alasiri. Daktari alikifungua hicho kwanza. Ndani mlikuwa na folda moja yenye alama ya king'amuzi cha televisheni, na ndani ya folda mlikuwa na faili moja. Akaibonyeza. Uwanja wa kijani ukafunguka, wachezaji wakatoka kwa mistari, na mtangazaji akaanza kusoma majina ya vikosi kwa sauti ya mtu anayesoma urithi.

"Hii haikufanywa na kompyuta," Daktari alisema. "Diski yako ilichomekwa kwenye king'amuzi ili irekodi mpira. King'amuzi hakisomi vyumba vya kompyuta. Kikauliza kama kiifute kijitengenezee chake. Mtu akakubali."

Mama Nembo hakujua kanuni moja ya mpira. Lakini alimjua mtu ambaye Jumapili alasiri alipangiwa zamu bohari, na ambaye angekubali kukosa ubatizo wake mwenyewe kuliko mechi ile.

Mstari wa pili ulikuwa chumba cha zamani. Daktari akaandika orodha upya kwenye nakala, akaizima mashine, akaiwasha, na folda zikatokea zote kwa majina aliyozipa mwenyewe. Si zote zilikuwa nzima. Nembo ya zimamoto ilikuwa imelaliwa na kipindi cha kwanza. Ya chuo cha mapishi ilipotea wakati wa mapumziko, chini ya matangazo ya sabuni. Mama Nembo alishusha orodha kwa kidole mpaka herufi ya T. Tai akafunguka, mabawa, kitabu, kucha zote. Daktari akampongeza. Yeye akatikisa kichwa tu, akaomba maji ya kunywa, kwa sababu alichokuwa anakiona wakati huo hakikuwa tai. Kilikuwa vidonge vya presha juu ya meza ya mashine.

* * *

Nyumbani alimkuta Bibi mahali pake. Akavuta kiti, akakaa kati yake na televisheni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukithubutu.

"Mama, Jumapili iliyopita televisheni iliwahi kukuuliza kitu?"

"Iliuliza," Bibi alisema. "Maneno marefu, lugha siijui. Mwanangu alipokwenda kazini aliniambia kikija chochote kwenye kioo, bonyeza kitufe cha katikati. Nikabonyeza."

"Kiliondoka?"

"Kikauliza tena. Mtu akikuuliza mara mbili maana yake hakukuamini. Nikabonyeza kwa nguvu." Akamtazama mkwewe kwa wasiwasi. "Nilikosea?"

Mama Nembo akamwambia hapana, amefanya alivyofundishwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika nyumba ile, tangu king'amuzi kilipoingia, somo la Bibi lilikuwa hilo moja, na mwalimu wake alikuwa huyo mmoja. Aliahidiwa kwamba kitufe cha katikati hakina madhara.

Refa aliporudi alikuta kompyuta imewashwa na wachezaji wanatoka kwa mistari. Hakuhitaji kuelezwa ni mechi gani. Akavua kofia.

"Ulijua lini?" mkewe akauliza.

"Jumatatu. Uliposema imekuwa tupu."

"Na Jumanne, dada yako alipomwaga mkoba?"

Refa alianza kueleza. Flashi yake ilijaa, mechi ilikuwa ya fainali, alidhani diski ni diski, na usiku akairudisha mahali pake. Jumatatu aliogopa. Jumanne alitaka kusema, kweli alitaka, lakini kila alipofungua mdomo alimwona mama yake, na angemtajaje mama yake. Mama Nembo akamwambia hakuna aliyekuwa anahitaji kumtaja Bibi. Palikuwa na jina lingine karibu zaidi. Refa akaigeuza kofia mkononi. Ingekuwa mpira, yeye mwenyewe angeitoa kadi nyekundu kabla mchezaji hajaanguka chini.

"Nilidhani itapita," alisema mwishowe.

"Ilipita. Ilipita juu ya dada yako."

* * *

Ijumaa mhasibu alivaa miwani yote miwili, akamkagua tai kucha kwa kucha, akasema mdomo unang'aa kidogo kupita kiasi, na akatia saini. Jumamosi Mama Nembo akabeba mkoba wake, akamwambia mumewe avae viatu.

Duka la Wifi lilikuwa na wateja wawili, mmoja amesimama amefungwa futi kiunoni. Mama Nembo alisalimia. Wifi akaitikia kwa pini zilizokuwa mdomoni, akaendelea kupima. Basi Mama Nembo akaeleza pale pale, mbele ya wateja, tangu mechi mpaka kitufe cha katikati, hakuruka kitu, wala kosa lake yeye hakulipunguza. Alipomaliza akafungua zipu, akaupindua mkoba wake juu ya meza ya kukatia. Zikaanguka funguo, hereni moja, risiti zilizosokoteka, kioo kilichopasuka, dawa ya minyoo, na barua ya mtoto kutoka bweni inayoomba sukari. Mteja mmoja akageuza uso. Mwingine hakugeuza.

Wifi akatoa pini mdomoni, moja moja. Alivitazama vile vitu, hakuvigusa.

"Na kaka?" aliuliza.

Refa akasema yeye hana mkoba. Dada yake akamwambia ana mifuko. Refa akaanza kuitoa mifuko nje mmoja baada ya mwingine: kalamu ya bohari, sarafu, leso, na mwishowe, kutoka mfuko wa nyuma, rimoti ya televisheni. Tangu Alhamisi alikuwa akitembea nayo kila alipotoka, ili mama yake asibonyeze kitu tena. Nyumbani Bibi alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi tangu asubuhi, akidhani umeme umekatika.

Mteja aliyefungwa futi alicheka kwanza. Wifi hakucheka, lakini ilibidi ainame kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

Mama Nembo akatoa kitu cha mwisho mfukoni mwa sketi. Kilikuwa flashi mpya, bado na karatasi yake.

"Nembo zote zilizopona zimo humu," alisema. "Tai pia. Nataka nakala moja ikae kwako."

"Kwangu." Wifi aliigeuza flashi. "Na zikipotea tena, utakuja kunipekua?"

"Nitakuja kwako kwanza. Ndipo zitakapokuwa."

Wifi akafikiri. Akavuta mtoto wa meza, akaitia flashi ndani. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua rimoti kutoka pale mezani, akaitia pembeni yake.

"Hiyo ni ya mama," Refa alisema.

"Mama atakuja kutazama kwangu. Nitamfuata mwenyewe."

"Kesho kuna mechi."

"Kesho duka limefungwa," dada yake alisema. Akafunga mtoto wa meza, ufunguo akautia kwenye mkoba wake wa kahawia, na ile zipu, iliyokuwa ikikwama katikati siku zote, akaivuta taratibu mpaka ikafika mwisho.